Karakana ya propela pale Gerezani, Dar es Salaam: wachomelee na kung'arisha, krome achana nayo

Wadau wa maboti, hii hasa ni kwa wenye injini ya ndani ya dizeli. Propela yetu ni bronzi ya manganizi (shaba iliyochanganywa na zinki na manganizi kidogo) na ilikuwa imeliwa vibaya upande ule unaotazama boti, karibu na ncha za mapanga, vishimo vimebanana kama mbao iliyoingiliwa na mchwa, ukipitisha kidole kinakwaruzika. Wengi wakiona hivyo wanasema ni chumvi tu. Lakini chumvi ikishika bronzi ya aina hii inanyonya zinki, inaacha wekundu wa shaba, na hapo kakague anodi zako, vile vipande vya zinki vinavyofungwa ili viliwe badala ya propela. Yetu ilikuwa ya kijivu, wekundu hakuna, na imelika sehemu ileile kwenye kila panga. Hiyo ni kavitesheni. Panga likikata maji kwa kasi, presha upande huo inashuka mpaka maji yanatoa mvuke bila moto, vinazaliwa vipovu, vikisogea penye presha kubwa vinabonyea ghafla na kurusha visindano vya maji kwa zaidi ya mita 100 kwa sekunde, vinagonga palepale masaa yote unayotembea, chuma gani kitavumilia?

Kabla ya hapo karakana nyingine ilitupakia epoksi, ile gundi ngumu ya kuchanganya, ikabanduka vipande vipande kuanzia kwenye ncha. Ndo tukaelekezwa hawa wa Gerezani.

Kilichonifurahisha, fundi hakuanza na bei. Kauliza injini inazunguka ngapi, giaboksi inapunguza kiasi gani, tunabeba mzigo gani, boti inatetemeka mwendo upi. Mwenye boti alitaka propela ipakwe krome kwa sababu ni ngumu na inapendeza, fundi akakataa kazi hiyo kabisa, na nakubaliana naye asilimia mia. Krome ngumu ina nyufa ndogondogo ambazo hata huzioni, vipovu vikigonga nyufa zinafunguka, maji yanapita chini na ganda linang'oka. Ugumu peke yake hausaidii, unataka chuma kigumu ambacho pia kinastahimili kugongwa bila kupasuka, na kilichoshikana na panga moja kwa moja.

Kwa hiyo walichimba vishimo vyote mpaka wakafika kwenye chuma safi kinachong'aa, wakajaza kwa tigi (kuchomelea kwa umeme na gesi) na waya wa bronzi ya alumini, ambayo inahimili kavitesheni kuliko bronzi ya manganizi. Baada ya hapo wakaipasha moto taratibu na kuiacha ipoe yenyewe, hatua ambayo mafundi wengi wanairuka, na bronzi ya manganizi ukiichomelea bila hivyo inabaki na mkazo ndani, baadaye inapasuka ikiwa baharini. Kisha grainda, kupima mapanga yote yalingane, msasa kuanzia wa kukwaruza mpaka laini kabisa, mwisho balansi. Msisitizo wao kwenye kung'arisha nimeuelewa, maana mkwaruzo ulioachwa na grainda unachokoza vipovu na shimo jipya linaanzia hapohapo.

Matokeo sasa. Mtetemo kwenye mwendo wa kawaida umeisha. Juzi tumepandisha boti kusugua, nikaangalia kwa tochi: sehemu zilizojazwa bado laini kabisa, ila pembeni yake, kwenye bronzi ya zamani ambayo haikuguswa, vidoa vya kijivu vimeanza kurudi. Ningejua ningeomba wajaze eneo pana zaidi kidogo.

Malalamiko yapo. Walichelewesha kazi na simu hawapokei mpaka ufike mwenyewe, na balansi haikuwa kwenye bei ya kwanza, tuliambiwa wakati wa kuchukua. Kwenye ubora wa kazi nawapa nyota tano, kwenye kuheshimu muda wa mteja nawapa mbili.

Halafu wadau, kama propela ni ndogo kwa nguvu ya injini yako hakuna uchomeleaji utakaokuokoa. Mhandisi Parsons wa Uingereza alipata shida hii na meli yake Turbinia mwaka 1894, propela moja inazungusha vipovu tu na meli haipati mwendo, dawa ilikuwa kuweka shafti tatu zenye propela tatu tatu, na 1897 ikakimbia noti 34 (kama kilomita 63 kwa saa). Ukienda Gerezani beba namba zilizogongwa kwenye kitovu cha propela, kipenyo na pichi (umbali ambao propela ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja), pamoja na mzunguko wa juu wa injini ikiwa imebeba mzigo, bila hizo hawatakushauri chochote.