Beila kuukuu, kazi ya kuaminika: huduma ya kufunga nyasi, Njoro

Nina ekari 2 za nyasi aina ya Boma Rhodes na ng'ombe 4 wa maziwa. Miaka yote tumefunga nyasi kwa sanduku la mbao, vijana wakikanyaga kwa miguu, siku nne nzima. Safari hii nilimwita jirani mwenye trekta ya Massey Ferguson 135 na beila, yaani mashine ya kufunga nyasi, ya zamani iliyoisha rangi.

Kilichonifurahisha kwanza ni kwamba alikataa kuanza. Saa mbili asubuhi alichota konzi ya nyasi, akaisokota, haikukatika. "Mama, hizi bado zina umande. Tukifunga sasa zitapata joto, zioze katikati." Tukangoja hadi saa tano. Mtu anayelipwa kwa kila robota (furushi la nyasi lililofungwa) na bado anangoja, huyo namwamini.

Marobota 286 yalitoka kabla ya giza, yamekaza, kilo 13 hivi kila moja. Lawama yangu ni sehemu ya kupiga fundo: upande wa kushoto uliruka mara kwa mara, na marobota kama 20 yakafumuka shambani. Aliyafunga upya bila malipo, lakini kile kisu cha kukatia kamba kingenolewa kabla ya kuja. Nunueni kamba ya katani wenyewe, nene, nyembamba inakatika.

Kubeba hakumo kwenye bei. Nilikodi lori dogo la kanta, safari mbili. Stoo tulitandika magogo chini kwanza, nyasi zisinyonye unyevu wa sakafu.

Msimu ujao nitampigia wiki mbili mapema. Akishaenda Molo, hapatikani.