Uzoefu wangu: miezi mitatu ya maandalizi ya kisaikolojia kabla ya upasuaji wa kupunguza uzito, Lubumbashi

Ninayoitolea maoni hapa ni huduma inayoutangulia upasuaji, siyo upasuaji wenyewe. Ni miezi mitatu ya mwanasaikolojia, mtaalamu wa lishe, vipimo vya damu na moyo, kisha mazungumzo ya video na mpasuaji aliye Afrika Kusini. Yote yanafanyika hapa Lubumbashi mpaka siku ya kupanda ndege. Jina la hospitali naliacha, maana haya yanafaa kupimia huduma yoyote ya aina hiyo, hata kama unakwenda India.

Nianze na lililonifanya niwape alama za juu: wanaweza kumwambia mtu asubiri. Malipo ya maandalizi wameyatenga na malipo ya upasuaji, kwa hiyo mwanasaikolojia akiandika "bado", hapotezi kitu. Kwingine nilikoulizia, bei ni moja ya jumla, na tarehe ya chumba cha upasuaji inapangwa kabla hujaulizwa hata unalalaje. Hapo anayekuandaa ndiye anayekuuzia. Ukishatoa makuta (pesa) ya kwanza, wasiwasi wako hauna wa kuusikiliza.

Hesabu ya kuanzia ni IMC, wengine huita BMI: unachukua kilo zako, unazigawa kwa urefu wako kwa mita, jibu unaligawa tena kwa urefu ule ule. Mwenye kilo 118 na mita 1.65 anapata 43. Tangu 1991 kiwango kilichofuatwa kilikuwa 40, au 35 kwa mwenye ugonjwa unaoletwa na uzito, kama kisukari, presha au kukatika pumzi usingizini. Mwaka 2022 chama cha Marekani na kile cha kimataifa cha wapasuaji wa fani hii vilishusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na kuanzia 30 unaweza kufikiriwa kama una ugonjwa kama kisukari cha aina ya pili. Hesabu ikikubali, uamuzi bado ni wako. Wanataja pia sindano za kupunguza uzito kama semaglutaidi, na wanakwambia wazi kwamba ukiziacha sehemu kubwa ya uzito hurudi.

Kisha wanakuandikisha kilo unazozitamani, na wanapiga hesabu mbele yako. Kwa wastani upasuaji hupunguza asilimia 25 hadi 30 ya uzito wote. Yule wa kilo 118 atatulia kwenye 83 hadi 88 hivi. Aliyekuja na ndoto ya kilo 60 za siku ya harusi yake anavunjika moyo papo hapo, na ni heri avunjike moyo kwenye kiti cha mshauri kuliko mwaka mmoja na nusu baada ya kushonwa. Ngozi ya tumbo na mikono inabaki ikining'inia, na kuikata ni upasuaji mwingine na bei nyingine. Nywele hupukutika kati ya mwezi wa tatu na wa sita, kisha huota tena kama protini na madini ya chuma havipungui. Kupungua haraka kunaleta pia vijiwe vya nyongo, ndiyo sababu wengi huandikiwa asidi ya ursodeoksikoliki kwa miezi sita.

Aina za upasuaji wanazoeleza ni mbili. Ya kwanza inakata na kutoa asilimia 75 hadi 80 ya mfuko wa chakula, na kilichokatwa hakirudi. Ya pili inabakiza kifuko cha mililita 30 hivi, yaani vijiko viwili vya chakula, kinachounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Mwenye kiungulia kikali anaonywa kuhusu ile ya kwanza, maana inaweza kukizidisha. Kwa hiyo fibroskopi, yaani kamera inayoingizwa mdomoni kuangalia mfuko wa chakula, inafanywa mapema, na wakikuta bakteria wa vidonda vya tumbo wanakutibu kwanza. Kwa ile ya pili, diklofenaki na ibuprofeni zinakuwa mwiko, kwa sababu huchimba kidonda pale kwenye kiungio. Hapa kwetu dawa hizo mtu anajinunulia farmasi bila kuulizwa, kwa hiyo nyumba nzima ijue. Sigara nayo inaachwa angalau wiki sita kabla, na hairudiwi.

Kwangu, thamani ya huduma yote iko kwa mwanasaikolojia. Swali lake la kwanza: chakula kinakufanyia kazi gani? Usipokuwa na jibu, unapewa daftari lenye safu tano: saa, ulichokula na kiasi chake, uliyekula naye, njaa kutoka 0 hadi 10, na kilichotokea nusu saa kabla. Linajazwa wiki nne. Mfano anaofundishia ni mstari huu: saa nne usiku, mkate na chai ya maziwa yenye vijiko vinne vya sukari, peke yangu, njaa 2, watoto wamelala na simu ya kaka imeleta maneno ya urithi. Njaa haimo kwenye mstari huo. Upasuaji wa kukata mfuko unapunguza njaa kwa sababu ile sehemu ya juu inayotolewa ndiyo inayotengeneza kwa wingi homoni ya njaa, grelini. Lakini mstari wa saa nne usiku hauugusi. Tena chai tamu, soda na barafu tamu hupita kwenye mfuko mdogo bila kizuizi chochote. Mtu anaweza kushindwa kumaliza samaki mmoja na bado akanywa sukari kutwa nzima. Kwenye aina ya pili, sukari inaweza kuleta mapigo ya moyo ya haraka, jasho, kizunguzungu na kuhara muda mfupi baada ya kula. Wengine hufikiri adhabu hiyo itawalinda. Si kila mtu inampata, kwa hiyo usiitegemee.

Kazi inayofuata ni kutafuta mbadala wa mstari huo, na kuujaribu kabla, si baada: kuoga maji ya moto, kumpigia mtu mmoja anayejua, kutembea uani, kusali. Unaandika upi ulifanya kazi na upi ulikwama. Wanataka uone kwenye daftari angalau mbadala mmoja unaoshika wiki mbili mfululizo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kipimo cha haki kuliko vyote, maana hakina maneno matamu.

Sababu za kuambiwa "subiri" zinaelezwa bila kuficha. Kula kwa wingi bila kuweza kujizuia, mara kadhaa kwa wiki. Huzuni nzito isiyotibiwa, au mawazo ya kujidhuru. Pombe iliyokwisha kuwa tegemeo. Msiba wa karibuni. Na moja ambayo sikuitarajia: mume au mke ndiye anayesukuma, mwenyewe yuko nusunusu. Huko ni kuahirishwa tu. Unatibiwa, kisha unarudi. Kwa pombe wanakaza zaidi, kwa sababu baada ya aina ya pili inaingia kwenye damu haraka na kwa ukali zaidi, na hatari ya utegemezi huonekana zaidi kuanzia mwaka wa pili. Aliyekuwa akituliza uchungu kwa chakula anaweza kuuhamishia kwenye bia, Simba na Tembo.

Mwenzi wako lazima aje angalau mara moja. Utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba baada ya upasuaji huu, waliokuwa na wenzi waliachana zaidi, na waliokuwa peke yao walipata wenzi zaidi. Kwa hiyo wanauliza waziwazi: nani atapika, nani ataona wivu, nani atasema "umebadilika". Kwa wanawake wanaongeza suala la mimba, kwani rutuba huongezeka uzito ukishuka, wakati mimba haifai kwa miezi 12 hadi 18. Vidonge vya uzazi wa mpango havitegemeki baada ya aina ya pili. Kipandikizi au kitanzi kinajadiliwa kabla ya safari. Kama ukoo unadai mtoto mwaka huu, hilo liongelewe sasa.

Halafu kuna macho ya watu. Kwetu unene ni ushahidi kwamba nyumba inakula. Ukikonda haraka, mtaa wote, iwe komini ya Kenya au ya Katuba hapa Lubumbashi, unaanza kukuhesabia: ni UKIMWI, amerogwa, ametupwa na mume. Njia yao ni nzuri. Unaandika majina matatu ya watakaojua ukweli wote: atakayesafiri nawe, atakayebaki na watoto, na daktari wa hapa. Wengine wote wanapata jibu moja fupi, lile lile kila siku: "Nilipasuliwa tumbo, daktari ameniwekea mwiko wa chakula." Si uongo, na halifungui mjadala. Linafanyiwa mazoezi kwa sauti, mshauri akijifanya mama mkwe aliyepika bukari, yaani ugali: "Mwanangu, bukari yangu imekukosea nini?" "Haijanikosea, mama. Nifungie niende nayo nyumbani." Ukigugumia, mnarudia.

Kwenye matanga, sahani huwezi kuikataa. Wanashauri ukae na wanaopakua, uchukue sahani ndogo, uanze na samaki, kijiko ukilaze kila baada ya tonge. Mfungo wa kanisani usio na maji haufai miezi ya kwanza, kwa sababu unatakiwa kufikisha kama lita moja na nusu kwa siku, tena kwa mafunda madogo. Mchungaji aambiwe kabla, asije akadhani umepoa.

Mazoezi ya kula huanza wiki sita hadi nane kabla ya upasuaji: kijiko cha chai, mlo wa dakika 20 hadi 30, hakuna kunywa nusu saa kabla na nusu saa baada. Yanaonekana rahisi mpaka ujaribu mbele ya sinia la watu sita. Wiki mbili za mwisho ni chakula cha kilokalori 800 hadi 1,000 kwa siku, wanga kidogo sana. Sababu yake ni ini: likiwa na mafuta, upande wake wa kushoto hufunika mfuko wa chakula, mpasuaji hapati nafasi, na upasuaji unaweza kusimamishwa. Mwenye kutumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi apunguziwe dozi na daktari kabla ya kuanza, la sivyo sukari itaanguka.

Hapa ndipo huduma ilipopwaya. Karatasi ya lishe imeandikwa kwa jiko la watu wengine: nyama ya batamzinga, jibini laini, mtindi usio na mafuta. Hakuna sombe (kisamvu), hakuna kapenta (dagaa), hakuna bitoyo (samaki wa chumvi). Nilimwomba mtaalamu tuiandike upya, akakubali. Bukari, wali na mkate vilitoka. Hata baada ya upasuaji ndivyo vinavyokwama na kutapisha miezi ya mwanzo. Sombe ilibaki kwa sharti la mafuta: kijiko kimoja cha chakula cha mawese kina karibu kilokalori 120, kwa hiyo vijiko vinne ni nusu ya chakula cha siku. Kapenta iloweshwe na kumwagwa maji ili chumvi itoke. Protini inayolengwa baadaye ni gramu 60 hadi 80 kwa siku, na ukichukua mayai mawili, gramu 100 za samaki, kikombe cha maharagwe na glasi ya maziwa unakaribia 60. Maziwa ya unga, soma lebo. Mengi yana mafuta yote.

Mikutano ya video nayo ina tabu. Umeme ukikatika katikati ya swali zito, ukirudi kila mtu amejikusanya. Mwanasaikolojia, aliye hapa Lubumbashi, afadhali uende ukaonane naye uso kwa uso.

Kuhusu bei, omba orodha ya yasiyomo. Kwenye yangu havikuwemo: tiketi na malazi ya msindikizaji, dawa ya nyongo, vitamini za maisha yote (B12, chuma, kalsiamu, D), na vipimo vya damu vya mwezi wa 3, wa 6, wa 12, kisha kila mwaka. Kadi ya chanjo ya homa ya manjano ni lazima kuingia Afrika Kusini. Usiondoke pia bila daktari wa hapa aliyekubali kukupokea ukirudi, akiwa na ripoti ya upasuaji mkononi. Mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika, homa, maumivu ya tumbo au ya bega la kushoto yanaweza kuwa dalili za kuvuja kwenye mshono, na hizo hazingoji ndege. Kutapika kusikokoma kunahitaji vitamini B1 haraka, kabla ya dripu ya glukosi.

Lalamiko langu kubwa ni la muda. Kifurushi kinamfuatilia mtu miezi mitatu tu baada ya upasuaji, wakati kilo bado zinashuka zenyewe na kila mtu anafurahi. Uzito ukisimama, sifa zikiisha na ule mstari wa saa nne usiku ukirudi, hakuna mkutano uliopangwa. Niliomba iongezwe miwili, mwezi wa 12 na wa 18. Walikubali, kwa malipo ya ziada.