Ekstenda za valvu kwenye rimu ndefu za kaboni: uzoefu wangu Mbeya

Kwa wenye haraka: kama unatumia rimu za kaboni za tairi za tyubula (zile zenye tyubu iliyoshonewa ndani, zinazogundishwa kwenye rimu), nunua ekstenda, yaani vibomba vya kurefusha valvu, za kuhamisha kiini (kile kipande kidogo cha ndani ya valvu kinachofungua na kufunga upepo). Zile za kufunga juu ya valvu, hata ukipewa punguzo, ziache dukani.

Rimu zangu zina kina cha milimita 60 na tairi zilikuja na valvu ya milimita 42, kwa hiyo bila ekstenda pampu haina pa kushika. Nilizopewa na muuzaji zilikuwa za kufunga juu. Unalegeza kinati cha kwenye ncha ya valvu, unakiacha wazi, halafu unasokotea bomba la ekstenda juu yake. Kuanzia hapo kinati kimefichika ndani ya rimu na huwezi kukifikia. Kikijirudisha kidogo kwa mitikisiko, upepo hauingii. Uzi wa ekstenda ukivujisha, kipimo cha pampu kinasoma vizuri huku tairi lenyewe halijajaa. Na ukitaka kupunguza upepo mvua ikianza, kama kawaida ya Tukuyu, huna cha kubonyeza.

Hizi za kuhamisha kiini ni mambo mengine. Unatoa kiini cha valvu kwa ufunguo wake mdogo, unafunga ekstenda mahali pake, kisha kiini unakirudisha kwenye ncha ya juu. Valvu imekuwa ndefu, basi, inafunguka na kufungika kama kawaida. Ila hakikisha kabla ya kununua kwamba kiini cha tairi lako kinatoka: kikiwa na pande mbili bapa za kushikwa na ufunguo, kinatoka. Kikiwa mviringo mtupu, pole, rudi kwenye zile za kwanza.

Kazi yote iko kwenye tepu, ile nyeupe ya mafundi bomba. Izungushe mara mbili kwenye uzi wa ekstenda kufuata mwelekeo wa kukazia, la sivyo inajikunja na kuchanika ukianza kusokota. Kiini kikaze kwa ufunguo, vidole havitoshi, maana siku moja utachomoa pampu na kiini kitoke nayo, upepo wote kwaheri. Ukimaliza, paka povu la sabuni kwenye viungo, utaona kama kuna kipovu kinachokua. Kama ekstenda inagongagonga tundu la rimu ukiwa mwendo mkubwa, zungushia tepu ya umeme kidogo. Kelele ile inachosha kuliko mlima.

Sasa pancha zenyewe. Barabara ya TANZAM (ya Tanzania na Zambia) kutoka Uyole kwenda Igawa, adui wangu ni waya, zile nyembamba kama sindano zinazobaki tairi za malori zikipasuka. Zinaingia taratibu na huzioni. Na kwenye triathloni (mashindano ya kuogelea, baiskeli na kukimbia) kanuni haziruhusu mtu wa nje akusaidie, kwa hiyo uliyonayo ndiyo hayo hayo. Mimi natia mapema dawa ya maji ya kuziba matundu, mililita 30 kila tairi, kwa bomba la sindano la duka la dawa. Hapa ndipo ekstenda hizi zinalipa tena: kiini kiko juu, unakitoa na kumimina moja kwa moja. Wakati wa kujaza upepo valvu ikae juu, dawa isije ikaganda kwenye kiini. Na uangalie vikopo vya gesi vya kujazia upepo. Gesi ile inatoka baridi kali na inaweza kuigandisha dawa kabla haijafika kwenye tundu. Ukiweza, tumia pampu ya mkono.

Dawa ikishindwa, unabandua tairi. Nikigundisha huwa naacha kama vidole vitatu bila gundi upande unaotazamana na valvu, ndipo pa kuanzia kuvuta. Tairi la akiba lenye gundi ya zamani linakaa chini ya kiti, na ekstenda yake imeshafungwa tayari. Kuanza kusokota tepu kando ya barabara, vidole vikiwa na baridi ya Julai, hapana. Baada ya hapo kona za mteremko zichukue polepole, gundi hiyo haijashika sawasawa.

Tairi lililotoboka usilitupe. Mafundi baiskeli wengi hapa hawazijui tairi hizi za kushonwa, lakini fundi viatu pale Mwanjelwa alinishonea langu. Mimi nilibandua kitambaa cha ndani, nikakata nyuzi na kuziba tyubu kwa kiraka chembamba. Yeye akapitisha uzi wa nailoni kwenye matundu yale yale ya zamani. Aliligeuzageuza kwanza, akaniuliza, “Kaka, hili ni tairi au kiatu?” Akachukua shilingi 5,000. Limevimba kidogo pale liliposhonwa, kwa mazoezi linatosha, mashindanoni silivai.

Ekstenda nzuri Mbeya sijazikuta dukani. Zangu zilikuja na basi kutoka Dar. Zile za kwanza bado ziko kwenye boksi, anayezitaka nampa bure.