Gari Lilikuwa Likitetemeka Kila Nikipanda Riat: Uzoefu Wangu na Fundi wa Kisumu

Ukitoka Kisumu kwenda Kakamega, ukishapita Mamboleo barabara inaanza kupanda Riat, na hapo ndipo gari langu lilipokuwa likinitesa. Nikikanyaga mafuta ili lipande, sakafu yote inatetemeka na kiti kinayumba kulia na kushoto, hadi chupa ya maji iliyo kando ya gia inagongagonga. Nikiondoa mguu, kimya. Nikikanyaga tena, linaanza upya. Mama yangu, ambaye kila mwezi mimi humleta kliniki ya presha Kisumu na kumrudisha nyumbani Vihiga, aliniambia, "Mwanangu, hili gari lina homa."

Ni steshenwagoni ya Kijapani ya mwaka 2010, injini ya cc 1500, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), na magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Limeshatembea kilomita 178,000.

Gereji ya kwanza sitaitaja. Kijana wa pale alifungua boneti, akasikiliza injini ikiunguruma pale pale uani, akasema ni plagi. Nikanunua plagi nne, shilingi 3,600. Riat ikawa ile ile. Niliporudi akasema basi ni koili, kifaa kinachoipa plagi umeme. Mbili za ex-Japan, yaani zilizokwisha kutumika Japani, shilingi 5,000. Bado. Akanituma kufanya balansi na alaimenti ya magurudumu, shilingi 2,000. Bado. Mara ya nne akafuta mikono, akaniambia giaboksi imekwisha, nitafute 85,000 nimletee nyingine. Nilikuwa nimeshatoa shilingi 10,600, na mimi ni mwalimu. Usiku huo sikulala vizuri.

Kinachoniuma hadi leo si zile pesa peke yake. Katika safari zote nne, hakuna aliyeketi ndani ya gari hilo nikalipandisha kilima. Tatizo linatokea barabarani, wao wakalitafuta uani. Na koili zangu za zamani sikurudishiwa.

Mwenzangu anayefundisha fizikia ndiye aliyenielekeza kwa fundi mwingine, upande wa barabara ya Kibos. Ni kibanda cha mabati chini ya mti, hakina bango, na nusu ya magari yaliyokuwapo siku hiyo yalikuwa Probox za kubeba abiria. Nilimweleza yote, hata ile habari ya giaboksi. Hakufungua boneti. Alianza kuuliza.

"Mwalimu, linatetemeka ukiwa umesimama, injini ikiwaka?"

La.

"Ukishika breki?"

La.

"Ukienda tambarare, kama barabara ya Ahero, ukashika 80 bila kuongeza mafuta?"

Linatulia kabisa, kama halina shida.

"Na mtetemo unausikia kwenye usukani au kwenye kiti?"

Kiti na sakafu, zaidi kiti. Akauliza kama taa ya injini imewahi kuwaka au kumetameta. Haijawahi hata mara moja.

Kila jibu lilikuwa linamfungia mlango mmoja, naye alinieleza milango hiyo mmoja mmoja, jambo ambalo hakuna fundi aliyewahi kunifanyia. Gurudumu lisilo na balansi hutetemesha gari kulingana na mwendo, mara nyingi kuanzia kama 80 kwenda juu, na halijali kama umekanyaga mafuta au umeachilia. Diski ya breki iliyopinda huonekana ukishika breki. Plagi au koili ikifa, silinda moja haichomi, na injini hukohoa hata gari likiwa limesimama. Kwa kawaida na taa huwaka. Mauntingi ya injini, yaani mpira unaoishikilia, ikikatika, utasikia kishindo unapotia gia au unapoanza kuondoka. Mtetemo unaokuja na mafuta na kuondoka na mafuta, unaozidi kwenye kilima na gari likiwa na mzigo, alisema ana wazo unatoka wapi, lakini hatanitajia kabla hajalipandisha gari kilima mwenyewe.

"Twende Riat," akasema.

Tukaenda. Alichomeka kifaa kidogo chini ya usukani ili asome kompyuta ya gari kwenye simu yake. Hakukuwa na kosa lolote lililorekodiwa, na silinda zote nne zilikuwa zinachoma. Nikaendesha mimi kwanza, kisha akachukua usukani yeye. Tulipofika penye mwinuko mkali akaniambia niangalie mshale wa mzunguko wa injini. Ulikuwa umekaa kwenye 2,500, hausogei, kwa sababu giaboksi ya CVT inaweza kushika injini mzunguko ule ule huku gari likiongeza mwendo. Lakini mtetemo wenyewe ulikuwa ukibadilika: kwenye 40 ulikuja polepole, kwenye 55 ukaja kwa haraka zaidi.

"Injini haijabadilika, mtetemo umebadilika," akasema. "Basi anayetetemesha anazunguka na gurudumu, hazunguki na injini."

Nafundisha hesabu, na ninakiri kwamba sentensi ile ilinifurahisha kuliko nilivyotarajia kufurahi siku ile.

Tuliporudi alipiga jeki, akaweka stendi pande zote mbili (hakuingia chini gari likiwa juu ya jeki tupu, na hilo nililiona), akashika shafti ya kushoto, ile inayopeleka nguvu kutoka giaboksi hadi gurudumu, akaitikisa karibu na giaboksi. Ikacheza. Ya kulia haikucheza hivyo. Kisha akanimulikia tochi: ile raba ya mikunjo inayofunika sivijointi ya ndani (kiungo kinachoiwezesha shafti kuzunguka ikiwa imepinda) ilikuwa imechanika, na grisi ilikuwa imerushwa ikaganda na vumbi kwenye vyuma vya jirani.

Sivijointi ninazozijua mimi ni zile za nje, zinazopiga ka-ka-ka ukikata kona. Hii ya ndani ni tofauti. Ni kikombe cha chuma chenye mifereji mitatu, na ndani yake mna kichwa chenye rola tatu zinazoteleza mbele na nyuma kila gurudumu linapopanda na kushuka. Grisi ikitoka na mchanga ukaingia, rola hula chuma cha mfereji. Ukikanyaga mafuta, nguvu ya injini inazisukuma rola kwenye yale makovu, zinakwama na kuachia, zinakwama na kuachia, na gari zima linayumba. Ukiondoa mguu, mzigo unapungua na mtetemo unaisha. Alipoitoa na kuifuta kwa petroli, alinipa kikombe mkononi, akaniambia nipitishe ukucha kwenye mfereji. Ukucha ukakwama.

Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia. "Nani aliinua gari hili?"

Ni mimi. Miaka miwili iliyopita niliwekewa spesa, yaani vipande vya kuliinua gari, za inchi mbili juu ya shoki, kwa sababu barabara ya kuingia kwa mama ina mawe, na mvua ikinyesha tumbo la gari lilikuwa linakwaruza. Wengi wetu huku tumefanya hivyo. Fundi alinionyesha tulichofanya: giaboksi inapanda pamoja na bodi, lakini gurudumu linabaki chini, kwa hiyo shafti ambayo ilikuwa karibu kulala sasa inateremka kwa mshazari. Rola zinafanya kazi zikiwa zimepinda muda wote, na raba inakunjwa upande mmoja hadi inapasuka. Akasema anaweza kubadilisha sivijointi na kuniacha niende, ila nikibaki na spesa hizo nitarudi kwake na ugonjwa ule ule.

Nilifikiri sana juu ya barabara ya kwa mama. Mwishowe nikamwambia azitoe zote, mbele na nyuma. Ndugu zangu wamemwaga maramu trekta mbili langoni tangu hapo, na panapitika.

Kuhusu spea alinipa chaguo mbili: shafti nzima ya ex-Japan kwa 7,500, au sivijointi mpya ya ndani peke yake, pamoja na raba na grisi yake, kwa 4,200. Ushauri wake ulikuwa nichukue mpya, kwa kuwa shafti ya ex-Japan hujui ilitembea kilomita ngapi kule ilikotoka, na muuzaji hakuruhusu raba ifunguliwe kabla ya kulipa. Nikakubali.

Hapa ndipo nina malalamiko. Kisumu sivijointi hiyo haikupatikana, ikabidi itoke Nairobi kwa basi la usiku. Aliniahidi siku moja, zikawa tatu, na siku ya pili hakushika simu. Mtu akisubiri gari la kumpeleka mgonjwa kliniki, anahitaji kuambiwa ukweli mapema ili atafute usafiri mwingine. Nilimwambia hivyo uso kwa uso, akaomba radhi bila kujitetea. Pia hana risiti za kuchapishwa. Hesabu yangu iliandikwa kwenye karatasi ya daftari, ingawa kila kitu kimeorodheshwa na nililipa kwa M-Pesa.

Kazi yenyewe ilikuwa safi. Shafti inapochomolewa, oili ya giaboksi humwagika. Aliikinga kwenye chombo, akapima iliyotoka, akabadilisha sili pale shafti inapoingia, na akaninunulisha oili ya CVT kujazia. Duka la kwanza lilitaka kuniuzia ATF nyekundu, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida. Alikataa katakata, akasema hiyo ndiyo ingeniua giaboksi kweli. Nati ya katikati ya gurudumu aliweka mpya na kuikaza kwa spana ya kupimia nguvu.

Nililipa hivi: kupima na safari ya Riat 1,000, sivijointi 4,200, sili 600, oili 1,300, ufundi 2,500, kutoa spesa 1,500, na alaimenti 1,500, kwa sababu gari likishuka lazima magurudumu yapangwe upya. Jumla shilingi 12,600. Linganisha na zile 85,000. Ile elfu moja ya kupima ndiyo pesa iliyonisaidia kuliko zote, na kuna mafundi wengi wasioitoza kwa sababu wateja tunakataa kulipia "kuangalia tu".

Jioni ile ile tulipanda Riat tena, yeye akiwa kando yangu. Nilikanyaga kuliko nilivyozoea, 40, 50, 60. Chupa ya maji haikugonga. Ni miezi minne sasa na zaidi ya kilomita 5,000, nyingi zikiwa za njia hiyo hiyo, na mtetemo haujarudi. Vyuma vyangu vya zamani alinikabidhi kwenye gunia bila mimi kuomba.

Kitu kimoja kimebaki. Raba ya shafti ya kulia bado ina grisi ndani, lakini mikunjo yake imeanza kupasuka, urithi wa zile spesa. Alinionyesha siku ile na kuniambia nisiache hadi ichanike: raba na grisi kwa sasa ni shilingi 800 bila ufundi, ikichanika itakuwa sivijointi nyingine. Nimepanga nimpelekee likizo ya Agosti, na safari hii nimemwambia aagize spea kabla sijafika.