Mwanza Kutoka Angani: Tathmini ya Safari ya Ndege Ndogo

Safari ya kutalii kwa Cessna 172 kutoka uwanja wa ndege wa Mwanza humfaa mkazi kuliko mgeni, kwa sababu raha yake kubwa ni kuitambua mitaa anayoipita kila siku. Mabawa yako juu ya madirisha, hivyo hayazuii kuiona ardhi. Hata hivyo, omba kiti cha mbele, kando ya rubani, maana dirisha langu la nyuma lilikuwa na michubuko.

Utambuzi wenyewe si rahisi. Vilima vya Bugando na Mabatini, vinavyotuchosha miguu, huonekana kana kwamba vimepigwa pasi, na jiwe la Bismarck, linalojaza picha za watalii, ni nukta tu majini. Kinachookoa ni ufuo: ukishaiona rasi ya Capri Point na kisiwa cha Saanane, unaweza kufuata barabara moja baada ya nyingine hadi kwenye paa la nyumba yako. Upande wa kusini, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, hukata Ghuba ya Mwanza kwa namna isiyoweza kukosewa.

Rubani alieleza vizuri kwa nini kipimo cha kimo kilisoma futi 4,700 ilhali tulikuwa futi 1,000 hivi juu ya maji: kimo huhesabiwa kutoka usawa wa bahari, na ziwa lenyewe liko mita 1,134 juu yake.

Bei ni kubwa, na vipokea sauti vilikwaruza. Chagua asubuhi, wakati vivuli virefu huvirudishia vilima umbo lake.