Stoo ya uani inavuja? Anza na raba ya skrubu, silikoni iache dukani

Masika yakishika, malalamiko ninayoletewa ni yale yale. Stoo ya uani inavuja, pumba za kuku zimeota ukungu, mfuko wa saruji umegeuka jiwe, nipake nini dada? Na karibu kila anayeuliza ameshapaka kitu. Msomaji mmoja wa Kibaha alinitumia picha ya bati lililorundikwa silikoni mpaka linafanana na keki ya harusi, huku ndani maji yanateremka ukutani bila wasiwasi wowote.

Habari za geji ya bati na rangi yake siziingii hapa, hizo muuzaji atakueleza hata kama hujamuuliza. Mimi nataka tutazame kile kiraba cheusi kinachokaa chini ya kichwa cha msumari au skrubu ya kuezekea. Ni kidogo kuliko sarafu, hakuna anayekiulizia, na stoo nyingi nilizoziona zinavujia hapo hapo.

Bati hupanuka kwa jua la mchana na kusinyaa usiku likipoa. Kila siku linautikisa msumari kidogo, mpaka msumari unaanza kuchomoka kwenye papi, ile mbao bati linapopigiliwa. Raba ya bei rahisi nayo inakaushwa na jua, inakuwa ngumu, inapasuka, inabaki vipande. Mvua ikija, maji yanapenya kwenye tundu la msumari, yanashika ubavu wa papi, yanafuata kenchi inayobeba papi, kisha yanadondokea mbali kabisa na yalipoingilia. Wewe unaona tone juu ya gunia la mchele, unapanda juu na kopo lako, unaziba pale pale juu ya gunia. Umeziba bati zima lisilo na tatizo. Ukitaka kulijua tundu lenyewe, ingia stoo saa saba mchana, funga mlango, tulia macho yazoee giza. Vitundu vitajionyesha kwa mwanga. Tazama pia mbao: papi yenye alama nyeusi kuzunguka msumari imekuwa ikinywa maji muda mrefu.

Kabla hujatoa hela, hakikisha kwanza kwamba paa linavuja kweli. Kama matone yanakuja alfajiri siku ambayo mvua haikunyesha, hilo ni jasho la bati: hewa yenye unyevu imepanda, imekutana na bati lililopoa, imegeuka maji. Hakuna gundi ya kutibu jasho. Toboa matundu ya hewa juu ya kuta mbili zinazotazamana, weka wavu wa panya, na acha kuingiza kuni mbichi humo. Sakafu nayo ina kipimo chake. Tandika kipande cha nailoni, bana kingo zote kwa tepu, kiache usiku kucha hadi kesho yake. Ukikuta maji chini ya nailoni, unyevu unapanda kutoka ardhini. Ukiyakuta juu yake, ni ile hewa.

Sasa manunuzi. Namba moja kwangu, na hakuna kinachoikaribia, ni skrubu za kuezekea zenye raba ya EPDM iliyogandishwa kwenye kisahani cha chuma. EPDM ni aina ya mpira inayovumilia jua kwa miaka, na ndiyo inayotengenezea mipira mingi ya milango ya magari. Dukani usiridhike na maandishi ya boksi. Chukua skrubu moja, bonyeza raba kwa ukucha. Ikirudi ilivyokuwa, endelea. Ikibaki na alama ya ukucha, au ukiivuta ikabanduka kwenye kisahani kirahisi, hiyo ni plastiki tu, irudishe. Kama unang'oa misumari ya zamani na kutumia matundu yale yale, omba namba 14 ambayo ni nene, milimita 6.3, iweze kung'ata mbao upya. Namba 12 inaweza kucheza ndani ya tundu la msumari. Nunua na soketi ya kufungia inayolingana na kichwa chake, maana bila hiyo fundi ataanza kubuni.

Na fundi akibuni, anapiga skrubu kwa nyundo. Nimeyaona haya kwa macho yangu. Skrubu inapigwa kama msumari, inazungushwa mara moja mwishoni ili mwenye nyumba asikie mlio wa drili, basi. Meno yake yameshachana mbao, haishiki kitu. Simama hapo hapo ukiangalia. Raba iliyokazwa vizuri inatokeza kidogo tu kwenye ukingo wa kisahani. Ikitoka nje yote na kujikunja, amekaza mno na umepoteza raba. Kisahani kikizunguka kwa kidole, bado. Kwa bati la kawaida la mawimbi juu ya mbao, skrubu inakaa mgongoni mwa wimbi, kwa sababu bondeni ndiko maji yanakopita.

Namba mbili ni Sikaflex-11FC, gundi ya kuzibia ya kampuni ya Sika. Nasema wazi, mimi ni mpenzi wa Sika, na hakuna aliyenilipa hata senti. Ni polyurethani: inashika bati, inashika zege, inavutika bati likitembea, na unaweza kuipaka rangi juu yake. Itumie pale bati la stoo linapokutana na ukuta wa nyumba, sehemu ambayo skrubu haina la kufanya. Haishiki juu ya silikoni ya zamani, kwa hiyo kwangua yote, futa vumbi, subiri pakauke. Kagua tarehe kwenye tyubu. Gundi hii hukomaa kwa unyevu wa hewa, na tyubu iliyokaa sana kwenye duka la joto huweza kuanza kugandia ndani. Iminye: ikiwa ngumu kama fimbo, mwachie mwenyewe.

Tatu ni tepu ya lami yenye foili juu. Inafaa kwa ufa mrefu au bati lililochanika, mradi uwe umekwangua kutu. Ya butili, aina nyingine ya mpira, ni bora kuliko ya lami ukiipata, maana lami hulainika juani.

Rangi ya lami ya kopo ni ya kuvukia msimu mmoja. Silikoni ya bei ya chini inayonuka siki usiipeleke kwenye bati kabisa: ile asidi inakula zinki. Nimemaliza nazo.

Kwa sakafu, kama unamwaga zege jipya, tandika chini yake nailoni nzito ya geji 1000, yaani maikroni 250, na maungio yapandane vya kutosha. Kama sakafu ipo tayari, chaga za mbao chini ya magunia zitakusaidia kuliko kopo lolote linaloitwa la kuzuia unyevu, na hakikisha udongo wa nje hauko juu kuliko sakafu yako.

Tatizo kubwa ni kuzipata hizo skrubu. Kariakoo utauziwa boksi limeandikwa EPDM, ukilifungua juu zipo zenye mpira wa kweli na chini zimejazwa zile za plastiki. Ukienda mwenyewe na kanga yako, bei ni ya mama. Ukimtuma fundi, kuna cha juu chake, na kwa kuwa cha juu kinanona kwenye bidhaa mbovu, analeta mbovu. Ukiuliza, unaambiwa "mama, zote ni sawa, zinatoka kiwanda kimoja." Zingekuwa sawa zisingekuwa na bei mbili. Siku hizi namwaga boksi zima juu ya kaunta nachambua, watu nyuma yangu wanaguna, na ninataka neno EPDM liandikwe kwenye risiti. Muuzaji akikataa kuliandika, navuka barabara kwenda duka la pili.