Duka la pembejeo Tabora ambalo halikuuzii dawa kabla ya kuona mizizi

Huku Ipuli, mjini Tabora, bustani ya nyumbani inataka moyo. Udongo ni kichanga kitupu: unamwagilia asubuhi, mchana ukichimbua kwa kidole unakuta vumbi. Kwa hiyo mtu anayeuza pembejeo huku akijua anachokiuza, ni haki asemwe. Duka lenyewe ni dogo, lina mlango mmoja, liko upande wa soko kuu.

Nilikwenda kwa sababu ya nyanya. Zilikuwa zimedumaa, majani ya chini yanakuwa ya njano, jua likipanda zinalegea hata kama zimeshiba maji, jioni zinanyanyuka tena. Duka jingine hapa mjini, ambalo silitaji, walishaniuzia urea na chupa ya dawa ya wadudu bila kuniuliza swali hata moja. Majani yalipata ukijani, matunda hakuna.

Kijana wa duka hili aliniamkia, akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mama, leo sikuuzii kitu. Kachimbe mche mmoja na udongo wake, usiuvute, uniletee."

Nilimpelekea. Akausuuza kwenye beseni pale pale nje ya duka. Mizizi ilikuwa imevimba na kujikunja kama tangawizi. Akabana nundu moja kwa kucha ajaribu kuibandua; haikubanduka, mzizi wenyewe ndio ukakatika. Akaniambia hiyo ndiyo alama. Vinundu vya kunde au karanga hubanduka kirahisi, na ukivipasua vikiwa hai ndani vina rangi ya waridi. Hivyo vina bakteria wanaourutubisha udongo. Hivi vyangu ni minyoo fundo. Minyoo hiyo huwezi kuiona kwa macho, inastawi kwenye kichanga, na inashambulia tumbaku na nyanya, mimea ya ukoo mmoja. Mtaa wetu kabla ya kupimwa viwanja ulikuwa mashamba ya tumbaku. Ile dawa ya kupuliza majani ingewafikiaje wadudu walio ndani ya mzizi?

Alichoniuzia kilikuwa kidogo kuliko nilichokuwa tayari kununua: pakiti ya mbegu ya nyanya aina ya Tengeru 97, ambayo inawavumilia minyoo hao, na mbolea ya Minjingu kidogo, kwa kuwa fosfeti yake huyeyuka vizuri kwenye udongo wenye tindikali. Yaliyobaki yalikuwa maelekezo. Tuta lile nipande karanga, nisirudishe nyanya, bilinganya, nyanya chungu wala bamia. Kitalu nikiloweshe, nikifunike kwa nailoni angavu na kingo zake nizifukie, jua la Oktoba likipike kwa wiki nne hadi sita. Na samadi iliyooza, nyingi, kwa sababu kichanga bila samadi hakishiki maji wala mbolea. Samadi hawauzi, alinielekeza kwa mfugaji, ikaja kwa guta.

Tuta jipya limeitika. Chainizi ina majani mapana, na Tengeru zimebeba mpaka nimeziwekea vijiti vya kuziegemeza. Nilipong'oa mche mmoja kukagua, niliona vinundu viwili vitatu tu.

Vidukari vilipoingia kwenye chainizi nilirudi kununua dawa. Akakataa tena. Akaniambia nitwange kiini cha mbegu za mwarobaini, gramu 50 kwa lita moja ya maji, nilaze usiku kucha, nichuje, nitie sabuni kidogo, nipulize jioni kwa sababu jua linaiua nguvu yake. Miarobaini imejaa mtaani kwetu. Ila kwa utitiri, wale wanaotia majani madoa meupe na utando mwembamba kwa chini, alinipa salfa, akanionya nisipige dawa kali za wadudu ovyo, kwani zinaua wadudu wanaowala utitiri na tatizo linazidi. Salfa nayo ni jioni. Kwenye jua kali inaunguza majani.

Kasoro ipo, na nimemweleza mwenye duka mwenyewe. Mbolea wanaipima kwa kilo kutoka kwenye mfuko wa kilo 50 uliofunguliwa, wanaitia kwenye mfuko mtupu usio na maandishi. Najua sisi wa bustani ndogo hatuwezi kununua mfuko mzima, lakini mtoto akiikuta jikoni atajuaje kama si chumvi? Kijana aliniandikia jina kwa kalamu baada ya mimi kudai. Ilitakiwa iwe kawaida, na tarehe ya kwisha muda iwepo.

Bei zao zimezidi kidogo za maduka mengine. Mimi nalipa, maana napunguziwa vitu nisivyovihitaji. Jumapili wamefunga, na salfa huwaishia kiangazi, wakati utitiri ndio umepamba moto, kwa hiyo inunueni mapema.